Kigoda cha Madame Débora

Watu wa mtaa wa Rwambuzi, mjini Bunia, wakimtaja Débora hawasemi mke wa Nathanaël, fundi wa pikipiki, wala hawasemi mtu wa Gety, ingawa yote mawili ni kweli. Wanasema: yule madame wa kigoda. Na ukikutana na mtu wa Bunia ambaye, kabla ya kukupa kitu, anatafuta kwanza mahali pa kukiweka, ujue huyo amekaa kwenye benchi zake. Jambo lenyewe lilianza hivi.

Débora alizaliwa Gety, kwa watu wa kulima mihogo na maharagwe. Mama yake alikufa mapema, akalelewa na bibi. Vita ilipofika kwao alikuwa bado mtoto wa kushika upindo wa shati la baba yake, na ni hivyo alivyoondoka, ameshika upindo. Bibi alikataa kwenda. Alisema miguu yake haikuumbwa kwa ajili ya mtumbwi. Baba na mtoto wakashuka hadi Kasenyi, wakavuka ziwa, wakaishia kambini huko Uganda, na huko ndiko Débora alikopata kimo na akili. Bibi alizikwa na majirani.

Kwa hiyo mambo ambayo mtoto wa Gety huyaokota jikoni kwa bibi yake, kwa kofi dogo la mkono na kwa neno "usifanye vile", yeye hakuyaokota. Aliokota mengine. Alijua foleni ya maji, alijua kupika maharagwe ya mgao bila chumvi, na alijua Kiingereza.

Mwalimu wa kambini hakuwa na vitabu. Alikuwa na jiwe. Aliwapanga watoto kwa duara na kuwaambia kwa Kiingereza: mpe dada yako jiwe, mwonyeshe ndugu yako jiwe, niletee jiwe. Jiwe likazunguka toka mkono hadi mkono mpaka likapata joto, na likimaliza kuzunguka, maneno yalikuwa yamekwisha kuingia kichwani bila kubisha hodi. Débora hakusahau jiwe lile.

Aliporudi Bunia na baba yake alikuwa msichana mkubwa. Watu walimcheka namna alivyotamka Kiswahili, kwa sauti ya watu wa ng'ambo. Waliposikia ametoka wapi, walisema, "Aa, mutoto wa camp," wakaendelea na shughuli zao. Halikuwa tusi kubwa. Mtu angeweza kulisema huku akikukaribisha chai. Lakini maana yake ilikuwa moja: huyu hakulelewa, alilishwa tu. Débora alifanya kazi ya miaka kulifuta neno hilo. Alibadilisha ulimi mpaka ukawa wa Bunia kabisa. Alijifunza kutwanga sombe, majani ya mihogo, namna ya watu wa huku. Alipoolewa na Nathanaël aliamka kabla ya mama mkwe, na mama mkwe huyo, Maman Abigaël, aliamka kabla ya jogoo.

Kazi ya shule hakuipata. Karatasi zake za Uganda zilitazamwa katika kila ofisi kama noti ya dola iliyochanika pembeni: ni pesa, lakini nani ataipokea. Basi akaanzisha darasa lake mwenyewe, la saa za alasiri, katika salle ya zamani, ukumbi ulio nyuma ya parokia. Mtunza salle alikuwa Muzee Lucien, mtu mrefu aliyefunga funguo zote kiunoni kwa kamba. Alimpa sharti lililoeleweka. "Salle ni yako wakati batu wanakaa ndani. Siku itabaki tupu, korali wanaingoja. Wanaimbaka inje, mvua inawapiga."

Watu walikaa ndani. Walikuja vijana wa pikipiki, wasichana waliotamani kazi kwenye mashirika yenye jeep nyeupe, na zaidi ya wote walikuja wamama wa soko, kwa sababu Waganda wanaonunua maharagwe Bunia hawajui Kifaransa, na Kiswahili chao kina miguu mitatu. Kati ya wamama hao walikuwapo wawili wasioachana. Bibiane alitoka upande wa Bambu. Alikimbia na watoto na sufuria moja, akaanza upya kwa kuuza maharagwe. Immaculée ni wa watu wenye ng'ombe, aliuza maharagwe na samli. Meza zao zilipakana, na juu ya meza hizo mbili palisimama parasoli moja kubwa ya kivuli waliyoinunua pamoja. Darasani pia walikaa benchi moja, na kazi yao ilikuwa kuchekana matamshi.

Somo la kutoa lilifika siku ya Alhamisi. Débora aliandika neno moja ubaoni, give, akalipigia mstari.

"Siye kwetu," alisema, "mutu anaingia ndani ya neno. Nipe. Mupe. Tupe. Haumuone, lakini iko mule ndani. Waingereza wanamutoa inje, wanamuketisha katikati. Neno la kutoa, halafu mutu, halafu kitu. Kuonyesha, mutu, njia. Kuazima, mutu, shoka. Mutu anatangulia, kitu kinafuata."

"Basi Waingereza wanaheshimu batu kuliko vitu," alisema Bibiane.

"Njo maana walibeba vitu vyote, wakaacha batu," alisema Immaculée.

Darasa likacheka, Débora naye akacheka. Akasema iko namna nyingine, ambamo kitu kinatangulia na kabla ya mtu wanaweka kineno kidogo kama daraja, lakini hiyo wataiona juma lijalo. Kwanza hii ya karibu, ya mkono kwa mkono. Akawaambia watoe vitu walivyokuwa navyo. Ikatoka chumvi, kitana, sabuni, ufunguo wa pikipiki. Kila mmoja alitamka sentensi yake na kumpa mwenzake kitu, na Débora akapita kati ya benchi akinyoosha midomo ya watu.

Kikapu cha Bibiane kilikuwa na pilipili, zile ndogo nyekundu, zimefungwa kwenye jani. Débora akamwamuru ampe Immaculée. Bibiane akatamka sentensi bila kosa, akaiweka pilipili juu ya benchi. Immaculée akanyoosha mkono aiokote.

"Apana," alisema Débora. "Umeweka, haujatoa. Mukononi."

"Madame, hii ni pilipili."

"Naona. Kwa Anglais pilipili na chumvi ni sawasawa. Mutu, kitu, basi. Hakuna benchi katikati."

Wanawake wawili walitazamana. Walikuwa watu waliosoma zamani, kwa fimbo, na kwao mwalimu akisema amesema. Bibiane akaiokota pilipili na kuitia mkononi mwa mwenzake. Immaculée aliipokea kwa ncha za vidole, kama mtu anayepokezwa kaa la moto. Salle ikanyamaza. Débora alidhani wanastaajabia sentensi.

Juma lililofuata alikuja sokoni Muganda mwenye lori. Meza ya Bibiane ilikuwa pembeni, ndiyo wateja waliyoikuta kwanza, na ilikuwa desturi kwamba mteja akifika pale, mwenzake anangoja. Siku hiyo Immaculée alisimama. Alimtazama Muganda usoni, akamwambia kwa Kiingereza kilichonyooka kwamba atampa maharagwe mazuri. Muganda alifurahi mno kusikia hivyo kwa mama wa Bunia. Akaipita meza ya kwanza, akajaza magunia yake kwenye meza ya pili.

Bibiane alingoja mpaka lori likaondoka. Kisha akasema aliyoyasema, na Immaculée akajibu aliyoyajibu, na hayo hayafai kuandikwa. Mwisho wakaishika parasoli, kila mmoja upande wake, wakaivuta mpaka mti wake wa chuma ukapinda.

Kabla ya saa sita soko zima lilikuwa na sababu yake. Hakuna aliyetaja lori. Walisema: wale walipeana pilipili mkononi, kwa ile shule ya Madame Débora.

Alhamisi hakuja mama hata mmoja. Walikuja vijana wawili wa pikipiki, wakakaa karibu na mlango na kofia zao za helmeti magotini. Muzee Lucien alichungulia ndani.

"Madame, hii ni batu ao ni vivuli?"

"Watakuja, Muzee."

"Miye sina ubaya. Lakini Alhamisi ingine ikiwa hivi, ufunguo nawapa korali."

Débora alikwenda nyumbani na chaki mfukoni. Maman Abigaël alikuwa amekaa juu ya kigoda chake cha miguu mitatu, anachagua majani ya sombe. Débora akamweleza yote, na akayaeleza kwa namna ambayo lori lilikuwa kubwa na pilipili ilikuwa ndogo.

"Muteja anapita kila siku," alisema Abigaël. "Mbona hawakupigana juma ile ingine?"

"Maman, pilipili ni pilipili."

"Ulipeanisha mukono kwa mukono?"

"Ndiyo."

Abigaël aliacha majani. Alimtazama mke wa mwanawe kama mtu aliyenunua sufuria mpya na sasa ameona tundu. "Kitu chenye kuwasha hakipiti mukononi, kinaleta ugomvi. Kinawekwa, mwenzako anaokota. Hata mutoto anajua. Nilimwambia Nathanaël zamani: mutoto wa camp iko muzuri, anafua, anapika, anaamka. Lakini tutamufundisha mpaka lini."

Débora aliingia ndani akakaa kitandani. Nathanaël aliporudi, mikono yake bado na mafuta ya injini, alimsikiliza mpaka mwisho.

"Weye uko na haki," alisema. "Anglais ni Anglais. Lakini haki haijazi benchi."

Asubuhi Débora alikwenda sokoni. Aliikuta parasoli imelala chini kati ya meza mbili, imefungwa, imepinda, na jua likiwapiga wanawake wote wawili kichwani. Hakuna aliyetaka kuifungua, maana aliyeifungua angempa kivuli mwenzake.

"Maman Bibiane," alisema, "ugomvi ni ya muteja. Weye mwenyewe unajua."

"Najua. Miye si mujinga. Lakini muteja alikuta mulango wazi. Nani aliufungua?"

"Tena umwambie jirani yangu," alisema Immaculée, akitazama samli yake, "aseme pia nani alinishika nguo."

"Umwambie," alisema Bibiane, "nguo haikupasuka."

"Umwambie mushono ulilegea."

Débora alikuwa amesimama katikati, kama yule mtu wa sentensi zake, na maneno yanapita juu yake kwenda na kurudi. Alijaribu kuondoka. Bibiane akamshika mkono.

"Sikia, Madame. Miye nilikuwa nimeiweka juu ya benchi. Weye ulisema apana. Ulifungua mbele ya batu, ufunge mbele ya batu. Bila vile siye haturudi kule, na wengine hawarudi." Kisha akauliza, bila ukali, kama mtu anayeuliza bei, "Lakini weye, nani alikulea?"

Swali hilo Débora alikwenda nalo nyumbani. Kufunga mlango ni jambo dogo: angesema nilikosa, akaweka pilipili chini, basi. Lakini wangemuuliza amekosaje jambo ambalo mtoto wa jikoni analijua. Jibu lilikuwa moja tu, na jibu hilo ndilo alilolifuta kwa miaka, silabi kwa silabi, toka ulimini mwake. Aliweza kusema ni mambo ya kishenzi, Wakristo hawaamini pilipili. Angekuwa na haki tena. Angebaki na haki yake katika salle ya korali.

Jioni ya Jumatano alimtuma mtu sokoni: waje kesho, atafunga.

Alhamisi salle ilijaa kuliko siku yoyote ya somo. Walikuja hata wasiotaka Kiingereza. Mlangoni alisimama Muzee Lucien, na kando yake Chris, kiongozi wa korali, na ngoma kwapani, anangoja kuona upepo unaelekea wapi. Débora aliingia amebeba kigoda cha Maman Abigaël. Alikuwa amekiomba asubuhi, akapewa na maneno: usikirudishe na chaki. Akakiweka chini katikati ya salle. Bibiane alikuwa benchi ya mbele upande wa kushoto, Immaculée benchi ya mbele upande wa kulia.

Hakusema Kiingereza.

"Hapa nilipeanisha pilipili mukono kwa mukono," alisema. "Bibiane alinionya, sikusikia. Sikujua kama ni kosa. Miye nilikulia camp. Bibi yangu alibaki Gety, akafia kule, na miye niko ng'ambo. Hakuna mutu alinifundisha."

Nyuma mtu mmoja akasema polepole, "Mutoto wa camp," si kwa dharau, bali kama anayemalizia sentensi. Débora alilisikia neno likianguka. Alingoja. Lilianguka likakaa hapo chini, na yeye alikuwa bado amesimama.

"Pilipili yenyewe iko wapi?" aliuliza Bibiane.

"Umwambie nilikula," alisema Immaculée. "Alitaka niichunge mpaka ioze?"

Kicheko kikapita kwenye benchi, kidogo, kikazuiwa. Débora akatoa pilipili nyingine aliyokuja nayo. Aliiweka mbele ya Bibiane juu ya benchi. Bibiane akaiokota, akatazama kigoda kwa muda, akainuka, akaiweka pale juu, akarudi kukaa. Immaculée naye hakufanya haraka. Alifunga kitenge chake upya. Kisha akaenda, akaiokota, akaifunga kwenye pindo la kitenge.

"Sasa Madame asikosee tena," alisema, akiwa bado amesimama. "Sindano pia ni vile. Na ufagio."

"Ufagio?" alisema Bibiane. "Ufagio apana. Ufagio unapeana tu."

"Kwenu. Kwetu ukimupa mutu ufagio mukononi, umefagia heri yake."

"Kama heri yako inafagiwa na ufagio ya majani, iko nyepesi sana."

"Ni nyepesi, lakini Waganda wanaiona."

"Wanaiona kwa sababu unasimama mbele yao kama mulingoti."

Ndiyo yalikuwa maneno ya kwanza waliyoambiana wenyewe, bila kupitia mtu, tangu parasoli ipinde. Kila mtu ndani ya salle aliona hivyo. Mama wa tatu akasema chumvi nayo haitolewi jua likishazama. Kijana wa pikipiki akasema kwao ni moto. Wakabishana. Débora alichukua chaki, akaanza kuandika ubaoni kwa Kiingereza, mtu kwanza na kitu nyuma, kila sentensi na kitu chake: sindano, ufagio, chumvi, moto. Penye ubishi alichora kigoda kidogo pembeni. Waliposoma sentensi zile kwa sauti, walizisoma vizuri kuliko zote alizowahi kuwapa.

Nuru ilipoanza kupungua watu walitoka. Chris alikuwa bado mlangoni na ngoma yake. Muzee Lucien alifungua kamba kiunoni, akauchomoa ufunguo wa salle, akaupima mkononi.

"Korali watachukua samedi tu," alisema, yaani Jumamosi.

Akaingia mpaka katikati, akauweka ufunguo juu ya kigoda, akarudi nyuma.

Mambo ya lori hayakuisha siku ile, na pengine hayajaisha. Mvua zilipoanza, parasoli ilisimamishwa tena kwa sababu ilikuwa mali ya wote wawili na hapakuwa na nyingine. Imeinama upande mmoja, maji yake yanamwagikia meza ya Immaculée, na Immaculée husema Bibiane anaisimamisha vile kwa makusudi. Bibiane hasemi hapana. Mteja akifika, wanamwita wote wawili kwa Kiingereza, na anachagua mwenyewe.

Kigoda hakikurudi nyumbani. Kila aliyejifunza kwa Débora alijifunza kutoa mbele yake: anatamka, anaweka, anarudi nyuma. Msichana mmoja aliitwa kwenye shirika fulani kwa maswali ya kazi, wakamwomba karatasi zake, akaziweka mezani na kurudi hatua nyuma huku akisema sentensi nzima. Wazungu walidhani ni heshima, wakampa kazi.

Maman Abigaël anachagua sombe akiwa amekaa juu ya bidon, dumu la njano la maji, na bidon haina raha. Wageni wakimuuliza kigoda chake kilikwenda wapi, anawaambia kiko shuleni.

"Miye mwenyewe nilimupa," anasema. "Muke wa mwanangu. Mutoto wa Gety."